Karatasi Isiyolowa Mafuta: Swali la Kuulizwa Bukavu Kabla ya Kununua

Katika warsha na semina zinazofanyika Bukavu, mashariki mwa Kongo, chakula cha mchana siku hizi mara nyingi huletwa kikiwa kimefungwa kwa kila mtu katika kisanduku chake cha karatasi ngumu: wali, paja la kuku, ndizi za kukaanga, sombe iliyoungwa kwa mawese, pengine na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wachache pembeni. Kisanduku hukaa mezani saa nzima, mafuta yakitulia chini, na upande wa nje hubaki mkavu vilevile. Waandaaji hukisifu kwa sababu kimechukua nafasi ya plastiki, ile plastiki inayoteremka na mifereji ya Kadutu na Ibanda wakati wa mvua, ikaingia ziwani na kwenda kujazana mbele ya bwawa la umeme la Ruzizi. Sifa hiyo kina haki nayo. Hata hivyo, karatasi kwa asili yake hunywa mafuta, na ikiwa imekataa kuyanywa, basi kuna dawa iliyopakwa juu yake au iliyochanganywa ndani yake, na anayeinunua kwa ajili ya kulisha watu ana wajibu wa kujua ni dawa gani.

Jibu linaweza kuwa la kutuliza moyo. Pengine ni nta, au utando mwembamba wa plastiki ambao ukucha unaweza kuubandua, au ni nyuzi za karatasi zilizopondwa sana kiwandani hadi zikashikamana bila kuacha vitundu, kama karatasi za zamani za kufungia siagi. Lakini pia inaweza kuwa mojawapo ya kemikali za jamii ya PFAS, ambazo vyombo vya habari vimezoea kuziita kemikali za milele. Hizo ni maelfu ya kemikali zilizobuniwa na binadamu, zote zikiwa na kaboni iliyofungamana na florini, na fungamano hilo ni miongoni mwa mafungamano imara kuliko yote katika kemia ya kaboni. Upande wa florini haupatani na maji wala na mafuta. Ndiyo sababu kemikali hizi zimetumika kwa miongo mingi katika vikaango visivyogandisha chakula, nguo zisizolowa, povu la kuzimia moto, karatasi za vyakula vya haraka, na baadhi ya dawa za kusafishia na kung'arishia. Uimara uleule unaowapendeza wenye viwanda ndio unaozifanya zisioze: jua haliziwezi, vijidudu vya udongo haviziwezi, na moto hafifu wa jalala hauzimalizi, kwa kuwa kuzivunja barabara kunahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,000.

Mkasa unaojulikana zaidi ni wa Parkersburg, mji wa jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambako kampuni ya DuPont ilianza mwaka 1951 kutumia PFOA, mmoja wa ukoo huu, katika kutengeneza Teflon, utando wa vikaango visivyogandisha. Mwaka 1999 wakili Robert Bilott aliishtaki kampuni hiyo kwa niaba ya mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa karibu na jalala la kiwanda. Kesi iliyofuata, iliyohusu maji ya kunywa ya wakazi, ilizaa jambo la nadra katika historia ya afya ya jamii: watu wapatao 69,000 walitolewa damu na kuchunguzwa, na jopo la wataalamu watatu lililokubaliwa na pande zote mbili likahitimisha, kufikia mwaka 2012, kwamba PFOA yaelekea inahusiana na magonjwa sita, yaani saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolestroli nyingi, na shinikizo la damu wakati wa ujauzito. Mwaka 2017 kesi zaidi ya 3,500 zilimalizwa kwa malipo ya dola milioni 671. Mwishoni mwa 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka PFOA katika kundi la kwanza, pamoja na vitu ambavyo imethibitika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Msomaji wa Kivu anaweza kusema kwamba hayo ni ya watu waliojenga viwanda mlangoni mwao. Kwa upande wangu, utafiti unaotuhusu zaidi haukutoka Parkersburg. Ulitoka katika visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini, mahali ambapo hakuna kiwanda cha kemikali hizi. Zilifika kwa njia ya bahari na nyama ya nyangumi. Mwaka 2012 mtafiti Philippe Grandjean na wenzake walionyesha kwamba watoto wa visiwa hivyo waliokuwa na PFAS nyingi zaidi katika damu walikuwa na kinga hafifu zaidi ya pepopunda na dondakoo, ingawa walikuwa wamechanjwa. Ni udhaifu huo wa kinga ambao Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula iliuzingatia mwaka 2020 ilipoweka kiwango cha kuvumilika kwa kemikali nne za jamii hii zikijumlishwa: nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa juma. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Katika eneo kama letu, ambako surua na kipindupindu hurudi mara kwa mara na kampeni za chanjo hugharimu jasho na mara nyingine maisha ya watoa huduma, sioni jinsi ambavyo kitu kinachopunguza nguvu ya chanjo kinaweza kuitwa tatizo la matajiri.

Katika vyakula vya kubeba, ushahidi ni wa wazi. Watafiti wa Marekani walipima karatasi na vifungashio 407 vya migahawa ya vyakula vya haraka, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba asilimia 46 ya karatasi zinazogusa chakula na asilimia 20 ya visanduku vya karatasi ngumu vilikuwa na florini, dalili ya PFAS. Kemikali hizo huhamia kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto na chenye mafuta, hali ambayo inaelezea karibu kila kinachouzwa kwa ajili ya kubeba. Denmark ilizipiga marufuku katika karatasi za chakula tangu Julai 2020. Kabla ya hapo, maduka ya ushirika ya Coop nchini humo yalikuwa yameondoa bisi za maikrowevu kwenye rafu zao hadi walipopata mtengenezaji wa mfuko usio na PFAS. Februari 2024 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa za PFAS za kuzuia mafuta kwenye karatasi za chakula haziuzwi tena katika soko la nchi hiyo kwa matumizi hayo. Chipsi bado zinauzwa Copenhagen na Chicago, na bado zinafungwa kwenye karatasi. Kwa hiyo hoja kwamba kazi haiwezekani bila kemikali hizi imekwisha kujibiwa na soko lenyewe.

Hapa ndipo panapotuhusu moja kwa moja, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya marafiki zetu wa mazingira. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Serikali yetu ilitoa amri ya kufanana na hiyo Desemba 2017, na ingawa udhaifu wa utekelezaji wake unaonekana wazi kwa yeyote anayepita soko la Kadutu, mwelekeo ni uleule: wanunuzi wenye uwezo na wenye kujali, yaani hoteli, mashirika, shule binafsi, wanahamia kwenye karatasi na sahani zinazotengenezwa kwa makapi ya miwa. Sahani hizo za makapi ya miwa, kwa miaka mingi, zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotiwa PFAS zaidi, kwa sababu bila dawa zingelegea mara tu mchuzi unapomiminwa. Mwaka 2023 watafiti wa Ubelgiji walipima mirija ya kunywea ya chapa 39. Mirija ya karatasi ya chapa 18 kati ya 20 ilikuwa na PFAS. Ya chuma haikuwa nayo hata moja. Viwango vyenyewe vilikuwa vidogo, na sitaki kumtisha mtu kwa ajili ya mrija mmoja wa soda. Ninachosema ni kwamba neno la "kiikolojia" lililochapwa kwa rangi ya kijani kwenye bidhaa halituambii lolote kuhusu florini, na kwamba sahani tunayoitupa shimoni tukiamini itakuwa mbolea inaweza kuacha kwenye shamba la mboga kitu ambacho wajukuu watakikuta hapohapo.

Jiografia ya mji huu inaongeza uzito wa jambo. Bukavu imejengwa kwenye miteremko, taka zake nyingi huishia bondeni, na bonde huishia ziwani au mtoni. Maji ya Ziwa Kivu hutoka kwa mlango mmoja tu, Mto Ruzizi, unaokwenda kumwaga katika Tanganyika. Kaya nyingi zinachota ziwani, zikayachemsha maji au kuyatia klorini, na hizo ni hatua njema dhidi ya vijidudu. Dhidi ya PFAS hazifai kitu. Klorini haizigusi, na kuchemsha hupunguza maji huku kemikali zikibaki. Zinazoziondoa ni chujio za kaboni maalumu, resini za kubadilishana ayoni, au utando wa shinikizo kubwa, mitambo ambayo hata miji ya Marekani inalia gharama yake. Kampuni ya 3M, mojawapo ya watengenezaji wa kemikali hizi, peke yake ilikubali mwaka 2023 kulipa mifumo ya maji ya nchi hiyo dola zisizopungua bilioni 10.3. Sisi hatutakuwa na bilioni hizo. Mvua ya dunia nzima tayari ina chembe za kemikali hizi, kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri, lakini kiasi ni jambo la maana, na kiasi kinachoingia kwa njia ya vifungashio na dawa za usafi kinaweza bado kuzuiwa kwenye karatasi ya agizo la ununuzi.

Kabla ya kuzungumzia agizo hilo, kuna jaribio ambalo mpishi yeyote anaweza kulifanya mezani kwake. Chukua kisanduku kipya, karatasi ya kufungia mkate na ukurasa wa daftari. Dondosha juu ya kila kimoja tone moja dogo la mafuta ya zeituni, kisha usubiri dakika chache. Kwenye daftari tone litatambaa na kuacha doa linalopenya hadi upande wa pili. Kwenye karatasi yenye utando wa plastiki au nta, kwa kawaida litatandaa na kulala bapa bila kupenya. Likisimama juu ya karatasi likiwa duara kama ushanga, na ukiinamisha karatasi likabingirika, shuku PFAS. Jaribio hili, ambalo watu wa mazingira wa Ulaya wamelieneza, si ushahidi wa mahakamani, na mafuta ya mawese hayafai kwa sababu kwa baridi ya asubuhi ya Bukavu huganda yenyewe. Lakini linatosha kumfanya mnunuzi amrudie muuzaji na swali.

Katika bidhaa za usafi, nadhani tunapaswa kuanza kwa kuwatoa watu hofu, kwa sababu hapa kosa linaweza kuua haraka kuliko kemikali yenyewe. Sabuni ya kipande inayopikwa kwa mawese na soda haihitaji PFAS. Sabuni ya maji inayotengenezwa na vikundi vya akina mama katika kata zetu, ile inayokorogwa kwa asidi ya salfoniki, teksaponi, chumvi, rangi na manukato, kisha ikauzwa katika chupa zilizokuwa za maji, haizihitaji. Maji ya javel hayazihitaji. Yeyote atakayesoma makala hii akaacha kunawa mikono atakuwa amenielewa vibaya sana. PFAS zinapatikana kwa wenye mazulia na vioo vikubwa: ving'arisha-sakafu vya majimaji, ambamo huwekwa ili dawa itandae sawasawa bila michirizi, vipulizio vya kuzuia madoa kwenye makochi, mazulia na viti vya gari, baadhi ya dawa za vioo na za kung'arishia magari. Anayezipokea kwanza ni mfanyakazi wa usafi wa hoteli, aliyepiga magoti katika chumba kilichofungwa madirisha, akivuta hewa ya kile anachokipuliza. Jimbo la Minnesota, kwa sheria iliyopewa jina la Amara Strande, msichana aliyefariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 20 baada ya kuitetea mbele ya wabunge huku akiugua saratani, limepiga marufuku tangu Januari 2025 bidhaa za usafi zilizotiwa PFAS kwa makusudi, pamoja na mazulia, dawa za kuzuia madoa na vyombo vya kupikia. Kwa duka la Bukavu, njia ya mkato ni kusoma lebo: penye "fluoro", "perfluoro" au "PTFE", irudishe rafuni. Pasipo na orodha ya viambato kabisa, pia.

Kuhusu vikaango nitasema kidogo. Kipande cha utando mweusi kilichobanduka na kumezwa hupita mwilini bila kufanya mengi. Tatizo lipo kiwandani kilikotengenezwa, na lipo kwenye moto. Utando wa PTFE, yaani Teflon kwa jina lake la kikemia, ukipita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika na kutoa moshi unaoua ndege wa kufugwa na kumletea mtu homa. Jiko la umeme lina kitufe cha kupunguza. Mbabula iliyojaa makaa haina, na kikaango kitupu kilichosahauliwa juu yake kinavuka kiwango hicho kwa dakika chache. Maandishi ya "sans PFOA", yaani bila PFOA, kwenye boksi yanathibitisha kutokuwepo kwa kemikali moja tu kati ya maelfu. Inafaa pia kujua kwamba sheria ya Ufaransa ya tarehe 27 Februari 2025, ambayo watu wengi hapa waliisikia redioni, imezuia PFAS katika vipodozi na nguo kuanzia Januari 2026, lakini vikaango viliondolewa humo baada ya wenye viwanda na wafanyakazi wao kupinga. Kikaango cha chuma kinatosha. Masufuria ya alumini yanayosubuliwa mitaani kutokana na vyuma chakavu yana shida yake nyingine, ya madini ya risasi, kwa hiyo nisingeshauri mtu akimbilie huko.

Mama anayekaanga sambaza kando ya barabara hahusiki sana na lawama hizi. Karatasi yake ni ya daftari la mwanafunzi, wino na yote, jambo lenye kasoro zake, lakini florini haimo, na chikwangue, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, haina deni na mtu. Ukaguzi wowote utakaoanzia kwake utakuwa umeanzia mahali ambapo ni rahisi kumwonea mtu, na kuacha mahali penye mzigo. Mzigo upo kwa wanunuzi wachache wanaoagiza kwa maboksi: hoteli za kando ya ziwa, wahudumu wa vyakula vya warsha, hospitali, na mashirika ambayo tayari yana utaratibu wa zabuni na hayawezi kununua hata kalamu bila karatasi tatu za bei. Kwao gharama ya kuanza ni sentensi moja katika masharti ya zabuni: vifungashio vya chakula na dawa za usafi visiwe na PFAS yoyote iliyoongezwa kwa makusudi, na florini yote katika kifungashio isizidi miligramu 50 kwa kilo, ikithibitishwa kwa hati ya mtengenezaji. Hati hiyo idaiwe kutoka kiwandani. Tamko la mwenye duka halitoshi.

Sentensi hiyo lazima iitaje jamii nzima ya PFAS. Tumeona kinachotokea zinapotajwa moja moja. PFOA ilipoanza kuachwa, mahali pake ilishika GenX, kemikali nyingine ya jamii hiihii, na mwaka 2017 wakazi wa North Carolina wakaambiwa kwamba imo katika Mto Cape Fear wanaokunywa maji yake. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali zisizooza, ambao Kongo ni mwanachama wake, umekuwa ukifuata kwa mwendo huohuo: PFOS mwaka 2009, PFOA 2019, PFHxS 2022, na kundi jingine 2025. Ni kazi ya heshima, lakini kwa kasi hiyo maelfu yaliyobaki yatahitaji karne kadhaa. Kipimo cha florini yote hakijali jina la kemikali, kinafanyika kwa bei nafuu kuliko kutafuta kila moja peke yake, na kingeweza kudaiwa na Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, kwenye hati za mizigo kama inavyodai vyeti vingine. Kwa kuwa tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na kwa kuwa visanduku hivi vinashuka Mombasa na Dar es Salaam kabla ya kutufikia, kiwango cha pamoja cha Jumuiya kingefanya kazi kuliko amri ya kila mji.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba mji wenye matatizo ya usalama, maji na mishahara hauna nafasi ya kufikiria visanduku. Ningelikubali kama hatua hii ingechukua faranga kutoka kwenye mfuko wa kipindupindu. Haichukui. Inawataka watu ambao tayari wananunua wanunue kingine, na mara nyingi kingine hicho kipo kwenye orodha ya muuzaji yuleyule, ukurasa unaofuata.

Kuna sababu ya kuharakisha. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifungashio inazuia, kuanzia tarehe 12 Agosti 2026, kuingiza sokoni vifungashio vya chakula vyenye PFAS juu ya viwango ilivyoviweka, kile cha florini yote kikiwa miligramu hizohizo 50. Maghala yenye bidhaa zisizotimiza masharti yatatafuta wanunuzi wasiouliza, na bei itashuka. Msimamizi wa manunuzi atakayepokea ofa ya visanduku vizuri, vikavu, kwa nusu ya bei ya kawaida, aombe kwanza tarehe ya kutengenezwa na hati ya florini, kisha ndipo azungumze bei.